Simu Isilale Chini ya Mto: Usalama wa Chaja, Betri na Mawimbi ya Redio



Wakazi wengi huuliza kama simu ya mkononi huleta saratani. Swali hilo litajibiwa. Hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi imo kwenye soketi na kitandani.

Soketi ya nyumbani hutoa umeme wa volti 230, ilhali chaja ya kawaida huipatia simu volti 5 tu. Kazi ya chaja ni kupunguza umeme huo na kuutenga na mtumiaji. Katika chaja bandia, kizuizi kati ya pande hizo mbili huwa hafifu. Kikishindwa, umeme wa ukutani waweza kumfikia anayezungumza huku simu ikichajiwa. Chaja inayopata moto kupita kiasi, inayolegea kwenye soketi au yenye waya uliochubuka haifai kutengenezwa kwa gundi, itupwe. Wala isishikwe kwa mikono yenye maji.

Betri ya lithiamu nayo haipendi joto. Simu inayochajiwa chini ya mto, juu ya godoro la sponji na ndani ya chandarua, hukosa hewa ya kuipoza. Ikiwaka, vyote vinavyoizunguka ni kuni, na mtoto amelala. Simu ichajiwe mezani au sakafuni, mbali na matandiko. Betri iliyovimba isichajiwe, isibonyezwe wala isitobolewe. Ipelekwe kwa fundi.

Moto ukizuka, watu watoke kwanza, umeme uzimwe kwenye meinswichi ikiwa inafikika salama, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla umeme haujakatwa.

Kuhusu mawimbi: simu hutumia mawimbi ya redio, ambayo hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili kama eksirei. Mwaka 2011, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mdogo. Mwaka 2024, mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika hilo hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo.

Anayetaka tahadhari zaidi anayo njia isiyo na gharama: atumie spika au visikilizio, kwa maana mawimbi hupungua upesi kadiri simu inavyokuwa mbali na kichwa. Palipo na mtandao dhaifu, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Hapo mazungumzo yawe mafupi.

Basi leo jioni, kila mzazi akague chaja za nyumbani kwake, na kabla ya kuzima taa aangalie simu za watoto zimelala wapi.