Kuanzisha fosi mpya: vijidudu tutavitoa wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wafadhili, kabla ya kufungua choo kipya cha shule



Fosi imekwisha. Wamasoni walishuka wiki iliyopita, simenti imekauka, tulijaza maji na kungoja siku tatu, hayakupungua. Ni fosi ya kufungwa, lita 6000, na bomba la gesi linaelekea jikoni. Watoto watarudi Septemba. Kilichobaki ni wale watakaofanya kazi ndani yake, na hao si wamasoni. Ni vijidudu.

Kwenye bajeti muko na mstari unaosema «bakteria ya kuanzishia». Ule mstari niliuandika mimi. Leo niko naomba tuufute.

Munakumbuka fosi ya kwanza, ile tuliyoisaidia kwenye kituo kimoja cha afya. Mimi njo nilikubali kununua unga wa bakteria, pakiti nzuri zenye picha ya maji safi. Tulimwaga unga, tukapiga picha, ripoti ikaenda. Mwezi wa pili harufu ikawafukuza majirani, mwezi wa tatu mama mmoja aliniuliza mbele ya watu kama hivi njo tulivyojifunza chuo kikuu. Sikuwa na jibu. Jibu nimelitafuta toka ile siku, na nitawapa lile nililolipata.

Mama zetu wanalijua tayari. Ukiloweka muhogo kwenye maji mapya kabisa, unangoja siku nyingi. Lakini ukitia vipande viwili vya muhogo uliokwisha kulainika, ama kikombe cha maji ya jana, unalainika mbio. Kile kikombe ni mbegu. Hakuna mama wa hapa anayeenda dukani kununua mbegu ya kulowekea muhogo. Anaichota pale kazi ileile inapofanyika tayari.

Fosi ya gesi ni vilevile, tofauti yake ni kwamba ndani kuna makundi mawili. Kundi la kwanza linakata uchafu na kuugeuza kuwa asidi. Hao ni wepesi, wanazaana kwa masaa. Kundi la pili linakula ile asidi na kutoa gesi inayowaka. Hao ni wazito: wengine wanahitaji siku nyingi ili mmoja awe wawili, na hewa inawaua. Kundi la kwanza likifanya kazi peke yake, asidi inajaa, fosi inachacha, na pale njo harufu inaanza. Kwa hiyo mbegu tunayoitafuta ni ya lile kundi zito. Wale wepesi wanakuja wenyewe na kila mtoto anayeingia chooni.

Sasa angalia pakiti. Ili kijidudu kikae kwenye unga mkavu, kisafiri kwa meli na kwa lori, kikae dukani mwaka mzima, lazima kiwe cha aina inayovumilia kukauka na kukaa kwenye hewa. Wapo wa namna hiyo, wanajifunga kama mbegu ya mchicha. Lakini watoa gesi wetu hawamo. Tulinunua wale wanaoweza kukaa ndani ya pakiti, si wale tuliowahitaji. Hata kwa fosi za kawaida za nyumbani, shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira linasema dawa hizi za kuongeza si za lazima, maana kinyesi cha watu kinaleta bakteria ya kutosha.

Sikutaka kuamini vitabu tu. Nilichukua chupa tatu za plastiki, nikatia kila moja maji ya kuoshea sufuria ya ugali. Ya kwanza nikaongeza unga wa pakiti, ya pili mavi ya ng'ombe, ya tatu matope meusi ya fosi ya nyumba moja inayofanya kazi vizuri. Juu nikafunga baluni za watoto. Nisiwadanganye: chupa ya unga njo ilivimba ya kwanza, siku ya pili, mpaka nikaanza kuona haya kwa maneno niliyokuwa nimeshayasema. Halafu ikasimama. Nilipoifungua ilinuka kama siki. Zile mbili zingine zilienda polepole, lakini hazikusimama. Baada ya wiki tatu nilibana gesi ya chupa ya mavi ipite kwenye bomba la biki, nikawasha kiberiti: moto wa buluu. Watoto wa jirani walitaka nirudilie.

Hii si hekima mpya. Mwaka 1914, mjini Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett walieleza majaribio yao ya kupuliza hewa ndani ya maji machafu ya mji. Mara ya kwanza kazi ilichukua karibu wiki tano. Wao hawakutupa matope yaliyobaki chini. Walimwaga maji ya juu tu, wakaongeza machafu mapya juu ya matope yaleyale, tena na tena, mpaka kazi ya wiki tano ikawa ya siku moja. Mtambo wao unataka hewa, wetu unaikataa, lakini mbegu yao waliipata palepale: kwenye matope ambayo wengine waliyaona takataka.

Tuchote wapi basi? Ninaomba mavi ya ng'ombe yawe sehemu kubwa. Tumbo la ng'ombe lina watoa gesi siku zote, na ng'ombe wanaoshuka kutoka milimani wanapita hapa. Tuchukue ya lundo lenye unyevunyevu, si ya juu yaliyokaushwa na jua, na tumuulize mwenyewe kama wanyama wake wamepigwa sindano za dawa siku hizi. Tuyachanganye na maji, tuchuje majani, yasije yakaelea na kufanya ukoko. Juu yake tuongeze matope kidogo kutoka fosi ya nyumba, kwa sababu yale yamezoea uchafu wa watu. Lakini si fosi ya hospitali, kule kuna klori na dawa nyingi. Wala si ya nyumba iliyokuwa na mgonjwa wa kuhara. Sisi wa pembeni ya Tanganika tunaijua kolera, hatutaisafirisha kwa bidoni zetu wenyewe.

Mbegu isipungue sehemu moja ya kumi ya fosi. Lita 600, ni kusema bidoni 30 za lita 20: 25 za mavi, 5 za matope. Ikizidi, vizuri zaidi.

Halafu tufungue matundu mawili tu kati ya manane. Hapa njo ugomvi utatokea, ninajua. Wazazi watauliza kwa nini choo kipya kimefungwa na watoto wanapanga mustari kwenye kile cha zamani. Tuwaeleze. Tukipima na karatasi ya asidi na kuona 7 ama karibu, tunaongeza tundu. Ikishuka chini ya 6,5 tunasimama, tunangoja. Gesi ya kwanza tuiachie iende nje, haiwaki vizuri, na ikichanganyika na hewa inaweza kulipuka. Mtu asiende na kiberiti kuchungulia.

Na klori. Kwenye kituo cha afya, mfagiaji alikuwa anamwaga ndoo za klori kwenye tundu kila jioni, na sisi njo tulimfundisha usafi hivyo. Hata mbegu nzuri ingekufa pale. Simaanishi tuache klori: mikono na sakafu zioshwe, na kolera ikiingia, watu mbele, fosi nyuma. Lakini maji ya kuoshea yaende kwenye shimo lake la pembeni.

Neno moja juu ya maji yanayotoka. Yatakuwa na harufu ndogo, lakini si masafi. Mayai ya minyoo na vijidudu vya magonjwa vinaweza kupita. Yaende kwenye shimo la kunywea, mbali na visima. Mtu asimwagilie lengalenga nayo.

Wafadhili wetu, kwenu niko na maombi mawili. Pakiti ina fakture, mavi ya ng'ombe hayana. Mkubali karatasi yenye saini ya mwenye ng'ombe na ya mweka hazina wetu, na franga za ule mstari ziende kwa buti, glavu, karatasi za kupimia na posho ya mlinzi. La pili: ripoti inataka fosi «ifanye kazi» mwisho wa mwezi. Haitafanya. Itachukua miezi miwili, pengine mitatu. Ile haraka njo ilinifanya ninunue unga mara ya kwanza.

Mkutano ukikubali, mwenye ng'ombe anatungoja Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Ninahitaji vijana sita. Bidoni nimezipaka rangi nyekundu, na ninawaomba mama zetu: hata zikioshwa mara kumi, zisirudi kuchota maji.