Hili Neno "Tu" Linatugharimu



Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana, na baadhi yenu mkaomba yaandikwe ili wale waliokuwa kazini siku hiyo nao wayapate. Nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema.

Nataka tuongee kuhusu neno moja dogo. Lina herufi mbili pekee. Neno lenyewe ni "tu".

Sikiliza vile tunavyoongea mtaani. Muulize kijana anayetoka zamu ya usiku pale eneo la viwanda Thika, "Siku hizi uko wapi?" Atakwambia, "Niko kwa kampuni fulani, lakini mimi ni kibarua tu." Muulize mzazi mtoto wake alienda wapi baada ya Form Four. "Ako poli tu." Muulize mume mke wake anafanya kazi gani. "Hana kazi, yuko nyumbani tu." Na yule msichana anayepika, anafua na kubeba mtoto kuanzia alfajiri? "Aah, huyo ni dada wa kazi tu."

Umesikia? Watu wanne, na kila mmoja ametoa jasho la siku nzima, halafu neno moja likalifuta. Wengine wataniambia huo ni unyenyekevu, mtu hajigambi. Sawa, unyenyekevu ni mzuri. Lakini kitu tukishakiita "tu", tunaacha kukihesabu. Na kisichohesabiwa hakilipwi vizuri, hakilindwi, na siku ya matatizo hakina wa kukitetea. Hilo ndilo nataka tulione pamoja, moja baada ya jingine.

Tuanze na kibarua.

Hii miji yetu imejengwa na vibarua. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913. Ukifikiria mashamba ya mkonge na ya kahawa, halafu mananasi, halafu viwanda, kote huko kuna mtu aliyeamka mapema akaenda kusimama getini kungoja kuitwa. Ruiru nayo ina kahawa yenye jina lake, ile aina ya Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 kutoka kituo cha utafiti pale pale. Watafiti wana sifa zao, na wanastahili. Lakini kahawa haijichumi. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu watu laki tano katika mji wa Ruiru, na robo milioni Thika. Jiulize ni wangapi kati yao wanaamka bila kujua kama leo wataandikwa.

Sasa sikiliza sheria inasema nini, kwa sababu wengi wetu tunadhani kibarua hana lolote. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Huyo ndiye kibarua. Kifungu cha 37 kinaendelea: ukifanya kazi siku mfululizo ambazo zikijumlishwa zinafika mwezi mmoja, au ukifanya kazi ambayo haitarajiwi kuisha kabla ya miezi mitatu, basi wewe si kibarua tena. Unahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na kukuachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Unastahili angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ukimaliza mwaka, una likizo ya siku 21 zenye malipo.

Kwa hivyo yule ndugu amekuwa "kibarua tu" kwenye mashine ile ile miaka mitatu, kisheria huenda si kibarua hata kidogo. Jina analoitwa getini halibadilishi sheria. Lakini kama yeye mwenyewe ameliamini hilo jina, nani atamwambia?

Najua jibu lenu, kwa sababu nalisikia kila mara. "Wewe unaongea rahisi. Nikifungua mdomo, nje ya geti kuna wengine wamejipanga." Ni kweli. Siwezi kukudanganya kwamba sheria itasimama getini ikuzuie usifukuzwe kesho asubuhi. Na kuna waajiri wanaojua hesabu vizuri, wanakusimamisha wiki moja halafu wanakuita tena ili siku zako zikatike. Ndiyo maana sikuambii uende ukapige kelele. Nakuambia uanze kuandika.

Nunua daftari la shilingi kidogo. Andika tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, kazi uliyofanya, supavaiza ni nani, umelipwa ngapi. Usifute meseji za M-Pesa za mshahara. Piga picha kadi yako ya kuingilia. Ukikatwa pesa za NSSF au za SHA, angalia kama kweli zinafika, maana rekodi hiyo ni ushahidi wako. Sheria pia inasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi mahakamani, ni juu yake kuthibitisha au kupinga yale masharti unayodai mlikubaliana. Lakini lazima nawe uwe na cha kudai, na kichwa husahau. Daftari halisahau.

Na ukiumia kazini, usikubali kupelekwa kliniki, ufungwe bendeji, upewe elfu mbili ya "pole" na mambo yaishe. Kuna Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007. Ripoti mara moja, hakikisha imeandikwa, na dai lako liwe limewasilishwa ndani ya miezi 12. Kidole kilichokatwa na mashine si kidole cha kibarua tu. Ni kidole.

La pili, "poli tu".

Hapa wazazi wetu watanisamehe. Tumezoea kwamba mtoto akipata alama za chuo kikuu tunasherehekea, na akienda kusomea uashi, umeme au ushonaji tunaongea kwa sauti ya chini kama tumefiwa. Lakini bomba likipasuka nyumbani saa tano usiku, unampigia nani? Simama kando ya barabara ya Thika uangalie majumba yanayopanda Ruiru kila mwaka. Yale nyaya, yale mabomba, yale madirisha, yote yamepita kwenye mikono ya mtu aliyesomea "poli tu", au ambaye hakusoma popote, alijifunza kwa fundi mwenzake.

Huyu wa mwisho nataka nimwambie jambo. Kama umefanya kazi ya welding, ya magari au ya ushonaji miaka mingi na huna karatasi, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali chini ya NITA. Kuna gredi ya 3, ya 2 na ya 1. Wanapima mkono wako unajua nini. Kwenye mjengo mmoja, watu wawili wenye ujuzi sawa, mwenye cheti ataitwa fundi na asiye nacho ataitwa msaidizi. Malipo unayajua tofauti yake.

Na vyuo vya ufundi vya mitaani viko chini ya serikali za kaunti, Katiba ya 2010 imesema hivyo. Maana yake ni kwamba kama chuo cha karibu na kwenu hakina mashine, huna haja ya kwenda hadi Nairobi kulia. Aliyeomba kura yako pale wadi ndiye wa kuulizwa. Lakini ni nani ataenda kuuliza kuhusu chuo ambacho sote tumekubaliana ni "poli tu"? Dharau yetu ndiyo inayowapa viongozi likizo.

Watoto wanaosoma kwa mtaala wa CBC wakifika sekondari ya juu wanachagua njia kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto hawezi kuchagua vizuri kama nyumbani amesikia kwamba njia ya heshima ni moja.

La tatu, na hili ndilo gumu, kwa sababu hapa mdosi ni sisi wenyewe. "Yuko nyumbani tu."

Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, lilifanya utafiti mwaka wa 2021 kuhusu vile Wakenya wanavyotumia muda wao. Likapata kwamba mwanamke hutumia kama saa nne na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na kulea bila malipo. Mwanaume, kama saa moja. Saa nne na nusu kila siku, bila Jumapili wala Idd. Idd ndiyo zinaongezeka!

Chukua mfano wa nyumba yoyote unayoijua. Kaka na dada wako darasa moja la mtihani. Wanafika nyumbani saa kumi na moja jioni. Kaka anabadilisha nguo, anaenda uwanjani. Dada anaosha vyombo, anachagua maharagwe, anakanda unga, anamwogesha mdogo wao. Saa tatu usiku kaka amerudi, amekula, anafungua kitabu. Dada naye anafungua kitabu, na macho yanajifunga. Matokeo yakitoka tunasema, "Wasichana wetu hawapendi masomo." Kwani tuliwapa muda gani wa kupenda?

Hata sheria ya nchi imeanza kuona tusichokiona. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kusaidia biashara ya familia kuwa mchango, hata kama hakuna pesa iliyotolewa. Kifungu cha 3 kinaruhusu Muislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo hayo. Na huko kwetu tunajua vizuri: mali ya mke ni yake, na matumizi ya nyumba ni jukumu la mume. Tunajua pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake kwa mikono yake. Sasa wewe kijana wa Majengo unayeona haya kushika ufagio, hiyo haya umeitoa wapi?

Halafu kuna dada wa kazi. Huyu ndiye anayetupima.

Sisi tunaolalamika kuhusu mishahara ya kuchelewa viwandani, yeye tunamlipa tarehe ngapi? Tunaotaka mkataba wa maandishi, wake uko wapi? Tunaotaka siku moja ya kupumzika kwa wiki, yeye anapumzika lini? Sheria ya Ajira ni ile ile. Mshahara wa chini unaotangazwa na serikali, ule ulioongezwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, unamhusu yeye pia. Mwezi wa Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha kule Geneva mkataba mzima, namba 189, kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani peke yao. Na kama ni binti wa umri wa shule ameletwa kutoka kijijini "asaidie tu", Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpa mtoto kazi inayomzuia kwenda shule. Hata kama mlimlipia nauli. Hata kama ni mtoto wa shangazi.

Najua nyumba nyingi zinazomwajiri dada nazo zinahangaika. Mama anafanya kazi kiwandani, dada analipwa kutoka mshahara huo huo mdogo. Sisemi hayo ni rahisi. Nasema yaandikwe na yazungumzwe: saa za kazi ni hizi, malipo ni haya, siku ya kupumzika ni hii. Kama huwezi kumlipa wa kulala, tafuta wa kuja na kurudi siku chache. Na wenye nyumba wagawane zilizobaki, wakiwemo wavulana.

Sasa twende na kazi ya wiki hii. Ni tatu.

Kwanza, kila anayefanya kazi ya siku aanze daftari lake leo. Mkiwa watano au sita kwenye kampuni moja, linganisheni. Mtu mmoja akienda ofisi ya leba ni mlalamishi, sita wenye madaftari ni kesi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinawapa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kumfukuza mtu kwa sababu hiyo ni kosa.

Pili, kila aliye na ujuzi bila cheti aulize kuhusu mtihani wa NITA. Ukipata maelezo, mlete na mwenzako.

Tatu, jamaa zangu wavulana, vyombo vya leo usiku ni vyako. Usipige picha kuweka hapa. Osha, panga, ulale.

Na kuanzia sasa, ukiulizwa unafanya nini, jibu bila kuongeza neno. "Nafanya kazi kiwandani." "Nasomea umeme." "Mke wangu anaendesha nyumba." "Huyu ni dada, anafanya kazi kwetu, na tarehe moja tunamlipa."

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.