Nia ya Aliyemchukua Mtu: Fiqhi na Sheria ya Kimataifa Zasemaje?



Tarehe 19 Agosti 2024, hapa hapa Kitengela, mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa. Waliachiliwa baada ya siku 32. Polisi walikana kuwashikilia. Sasa jiulize: aliyewachukua alikuwa na nia gani?

Katika fiqhi, amali hupimwa kwa nia. Lakini nia iko moyoni, na kadhi hana ufunguo wa moyo. Ndiyo maana Imamu Abu Hanifa, katika kesi za mauaji, alitazama chombo. Aliyepiga kwa upanga hawezi kusema alikuwa anatania.

Mkataba wa Roma nao, kifungu cha 30, unataka mambo mawili: kukusudia na kujua. Kuhusu kupoteza watu, kifungu cha 7 kinaongeza: nia iwe kumtoa mtu nje ya ulinzi wa sheria kwa muda mrefu. Tena kitendo kiwe sehemu ya mashambulizi mapana au ya mpango dhidi ya raia. Kisa kimoja peke yake hakitoshi.

Basi tazama chombo. Gari bila namba, uso uliofunikwa, familia kuzungushwa kituo hadi kituo: huo ndio upanga wenyewe.

Na askari anayesema "nilitumwa tu"? Kifungu cha 33 hakimwokoi katika jinai dhidi ya binadamu. Na sisi tumefundishwa: hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Mizani ni hiyo hiyo kwa kijana wetu anayeshukiwa ugaidi. Ndevu si nia. Kuswali msikiti fulani si nia. Anayedai nia alete ushahidi, mbele ya hakimu.

Kwa hivyo mtu akichukuliwa, usikae kulia tu. Andika saa, mahali, rangi ya gari, nani aliona. Nenda kituoni upate namba ya OB. Peleka malalamiko IPOA. Tafuta wakili aende Mahakama Kuu. Katika kesi ya hawa watatu, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali kifungo cha miezi 6 kwa kudharau mahakama. Hukumu iliondolewa alipofika na kuomba radhi. Lakini alifika, na siku hizo hizo watu walirudi nyumbani.

Nia haionekani, ila huacha nyayo. Ziandikeni kabla hazijafutika.

Wabillahi tawfiq.