Mnunuzi Kwanza, Mkopo Baadaye

Mada iliyotolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kwa vikundi vya wanawake na vijana



Nimeombwa nizungumzie uuzaji wa bidhaa kwa njia ya mtandao. Nitaanza na mkopo, kwa kuwa ndio uliowaleta wengi wenu hapa. Kama mjuavyo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazina riba, lakini zina marejesho, na tarehe ya rejesho haimsubiri mteja apatikane.

Maandiko ya miradi ninayopokea siku hizi yanafanana mno. Karibu kila kikundi kinataka kuuza nguo na viatu mtandaoni. Siwacheki, maana nami nilipita huko. Kabla ya kuajiriwa nilitumia akiba yangu yote kununua makava ya simu Kariakoo, nikayapiga picha na kuyatangaza Instagram. Sikujiuliza ni nani angeagiza kwangu kitu anachokikuta kila kona ya mji kwa bei nafuu zaidi. Mengi niliishia kuwagawia wadogo zangu.

Anayeanza hana mtaji wa kushindana na wakubwa katika soko pana. Anachoweza ni kuchagua soko mahususi, yaani kundi dogo la wanunuzi wenye haja inayojulikana, ambayo wengine hawajaishughulikia vya kutosha. Chukueni mfano wa vikapu vya milulu wanavyosuka mama zetu hapa Iringa. Ukisema unauza vikapu tu, umeingia soko pana. Lakini mzazi wa Dar es Salaam anayetaka kikapu chenye kifuniko cha kuwekea nguo za mtoto mchanga ni mtu mnayeweza kumtafuta na kuzungumza naye. Mwenye duka la maua anayehitaji vikapu 10 vya kipimo kimoja ni mwingine, na huyo, akiridhika, hurudi.

Mtajuaje kama watu hao wapo? Tengeni wiki mbili, daftari na simu moja ya kikundi. Andikeni katika Google maneno ambayo mnunuzi mwenyewe angeyaandika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, mtazame maneno yanayojitokeza chini yake. Mengi hutokana na yale ambayo watu hutafuta kweli. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Google Trends, inayoonyesha jinsi utafutaji wa neno unavyopanda na kushuka. Angalizo: namba 100 mtakayoiona humo si idadi ya watu, bali ni kilele cha utafutaji katika kipindi mlichochagua.

Kisha fungueni kurasa za wanaouza bidhaa kama hiyo, na msome zaidi maoni ya wateja kuliko matangazo ya muuzaji. Mteja anayeuliza kama kuna kikubwa zaidi, au kama mzigo unafika Mwanza, na asijibiwe, amewaonyesha pengo. Msipoona muuzaji hata mmoja, msikimbilie kufurahi; huenda wanunuzi nao hawapo.

Baada ya hapo fanyeni hesabu. Tuseme kikapu kinauzwa shilingi 30,000. Msukaji alipwe 14,000, kifungashio 1,500, kusafirisha kwa basi 5,000, bando na makato ya miamala 2,000. Kinachobaki ni 7,500. Ikiwa rejesho la mwezi ni shilingi 300,000, mnahitaji kuuza vikapu 40 kila mwezi ili kulipa deni tu, kabla yeyote kati yenu hajapata hata senti. Je, wasukaji wenu watafikisha 40 mwezi wa kupanda mahindi, wakati kila mtu yuko shambani? Swali hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Wanaofikiria mafuta ya kupaka, sabuni za urembo au vyakula vya kusindika wapite kwanza TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa vyakula na vipodozi.

Mwisho ni jaribio. Tangazeni sampuli chache, mtafute oda tano zenye malipo ya awali, na mzigo wa mtu ufike siku mliyomwahidi. Sifa na alama za kupenda picha msizihesabu.

Kikundi kitakacholeta andiko la biashara ya mtandaoni, nitaomba kuona daftari hilo kabla ya fomu. Nisipokuta humo wanunuzi watano waliolipa, nitawarudishia fomu mwendelee kutafuta, nami nitakaa nanyi ofisini kupitia hesabu upya. Naomba msinione mbaya.