KUFUNGUA BILA KUVUNJA
Hotuba ya mzee wa karakana ya seremala, siku ya Jubilei



Nimeombwa kusema machache juu ya kazi ya seremala katika parokia yetu. Nimeleta chuma hiki mnachokiona mkononi mwangu. Mwezi uliopita, depo ya zamani iliposafishwa, kilitupwa katika fungu la vyuma vya kuuzwa kwa kilo. Nilikiokota, na leo naja kukiombea nafasi.

Wazee mnakumbuka: zamani vioo, taa, vitabu na vyerehani vilitufikia ndani ya masanduku ya mbao yaliyopigwa misumari. Katika karne ya 19, viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kutengeneza misumari ya waya kwa bei ndogo, na masanduku ya namna hiyo yakaenea pande zote. Palipo na sanduku la misumari, pahitajiwa chombo cha kulifungulia.

Vyombo hivyo ni vya namna nyingi. Nyundo yenye makucha ni ya kale sana. Waroma walikuwa nayo. Chuma kirefu chenye ncha iliyopindwa na kupasuliwa, Wafaransa hukiita pied-de-biche, maana yake mguu wa paa, kwa sababu ncha yake yafanana na kwato. Wenye maduka walitumia kishoka kidogo: upande mmoja makali, upande wa pili nyundo, tena na pengo la kung'olea misumari.

Lakini ikiwa kichwa cha msumari kimezama ndani ya ubao, makucha hayakishiki. Hiki changu ni cha namna nyingine. Kina taya mbili, na mpini wa chuma unaoteleza juu na chini. Unaweka taya pande mbili za kichwa cha msumari, unapiga kwa mpini wenyewe mara mbili tatu, nazo zaingia ndani ya ubao. Kisha waulaza mpini: kadiri unavyoulaza, ndivyo taya zinavyobana, na msumari watoka. Ubao wabaki mzima.

Fikirini meli ile iliyojulikana sana katika Ziwa letu Tanganika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapata 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, hata kufika Kigoma. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza. Kipande kilichovunjwa na mfunguaji mwenye haraka kingetoka wapi tena? Baadaye Waingereza waliiopoa kutoka chini ya maji, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Katika ujana wangu nilipewa sanduku la vioo vya madirisha ya kanisa hili. Niliona chombo hiki kinanichelewesha, nikashika shoka. Vioo vinne vikapasuka. Frère aliyetufundisha hakunipiga. Alinipa chombo hiki pamoja na masanduku matupu, akasema: «Ng'oa yote, na kila msumari uunyoshe.» Nilinyosha misumari siku tatu. Mbao zile zikawa mabenchi ya darasa la kwanza. Wengine wenu mlioketi hapa mlijifunza kusoma juu yake. Lakini dirisha la upande wa sakristia lilikaa na ubao badala ya vioo mwaka mzima, na kila Jumapili nililitazama.

Siku hizi bidhaa huja katika makartoni, nayo makartoni ndani ya makontena ya chuma, yaliyoanza kuenea baharini tangu 1956. Kijana hufungua kwa kisu, wala si kosa lake. Lakini milango, paa na mabenchi yetu yangali yanapigwa misumari. Kila mara nyumba ya zamani ibomolewapo, naona mbao nzuri zikipasuliwa kuwa kuni, kwa sababu hakuna ajuaye kuzifungua.

Kwa hiyo naomba: chombo hiki kisiuzwe. Wala kisifungiwe katika kabati, kitazamwe tu siku za sikukuu. Kipewe vijana wa karakana wakitumie, nami, kadiri Mungu atakavyonipa nguvu, nitakuja kila Jumamosi kuwaonyesha.