Si Kila Kinyama ni Chunjua

 

Nimekuja na hoja moja: kinyama kilichoota kwenye ngozi, au kwenye utando laini wa sehemu za siri, hakifai kupewa jina kwa kutazamwa kwa macho matupu. Ngozi ina njia chache za kujibu inapochokozwa. Iwe ni kirusi, bakteria, kuvu au yai la mnyoo, mara nyingi jibu lake ni lilelile: huzidisha seli, hunenepa, hujikunja na kuinuka. Ndiyo maana magonjwa yasiyo na undugu wowote hufika kliniki yakiwa na sura moja. Tabibu akikosea jina atakosea dawa, na wakati mwingine jina lenyewe humuumiza mgonjwa kuliko kinyama.

Chunjua halisi husababishwa na virusi vya papiloma vya binadamu, HPV, ambavyo aina zake zinazojulikana zimepita 200. Masundosundo, yale ya sehemu za siri, ni ndugu yake. Karibu yote huletwa na aina ya 6 na ya 11. Kipande kikikatwa kwa unene wa mikromita 4 hivi na kupakwa rangi ya hematoksilini na eosini, katika tabaka za juu huonekana seli za pekee: kiini kimesinyaa na kukunjamana, kikizungukwa na nafasi tupu, kama punje ya korosho iliyonyauka ndani ya ganda lake. Huitwa koilositi, jina walilolitoa Leopold Koss na Grace Durfee mwaka 1956. Ilipita miaka 20 mingine ndipo wataalamu walipotambua kwamba seli hizo ni alama ya kirusi. Aina ya 16 na ya 18 ni habari nyingine: hizo ndizo Harald zur Hausen alizozihusisha na saratani ya mlango wa kizazi, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na ndizo zilizotufanya mwaka 2018 tuanze kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima.

Sasa nije kwenye ugonjwa unaoninyima usingizi. Binti wa miaka 10 analetwa na mama yake. Ana vinyama kwenye midomo ya uke, vinawasha, pengine vinatoa damu. Aliyepo zamu anaandika "masundosundo", kisha anamgeukia mama kwa maswali. Nyumba inavurugika: nani amemgusa mtoto? Swali hilo lina mahali pake, na mtoto aliyeumizwa lazima alindwe. Lakini kabla mjomba hajatuhumiwa na mtoto hajachapwa, ipo sababu nyingine ya kutafutwa, nayo ni kichocho.

Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mishipa hiyo imeungana na ile ya uke na mlango wa kizazi. Mayai mengine hayatoki na mkojo. Hunasa kwenye nyama. Mwili huyazingira kwa seli za kinga, eosinofili zikiwa nyingi, na ngozi iliyo juu yake huvimba ikawa kinyama. Theodor Bilharz aliiona minyoo hiyo Cairo mwaka 1851, na Frank Madden, hukohuko Misri, akaandika habari za kichocho cha uke mwaka 1899. Imepita zaidi ya karne, na bado ugonjwa huu hauwajii akilini wengi wetu tuliosomea udaktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake na wasichana wenye kichocho cha sehemu za siri wanaweza kufika milioni 56. Watafiti waliofanya kazi Mwanga, mkoani Kilimanjaro, katika miaka ya 1990 waliwakuta baadhi ya wanawake wana mayai kwenye mlango wa kizazi ilhali mkojo wao hauonyeshi kitu. Kwa hiyo mkojo ukitoka safi, kichocho bado hakijafutwa.

Atasema mtu kwamba huku juu Newala hakuna mto. Ni kweli. Uwanda wetu ni mchanga unaokunywa mvua yote, na maji ya bomba hupandishwa kutoka Mitema, kule Kitangari. Lakini watu wetu hushuka bondeni Ruvuma kulima, kuvua na kuwatembelea ndugu. Mnyoo ulioingia mwilini kule chini hupanda na mwenyewe hadi huku juu, na huweza kuishi miaka kadhaa.

Hapa ndipo hospitali ya wilaya inapoweza kufanya kazi ambayo maabara kubwa hutatizika nayo. Kipande kikigandishwa katika nta na kukatwa, wembe hupita katikati ya yai, na ule mwiba wa nchani unaotambulisha kichocho cha mkojo mara nyingi hauonekani. Bali kipande kidogo kibichi, kikibanwa kati ya vioo viwili, huonyesha yai zima, la urefu wa milimita 0.14 hivi, na mwiba wake mwishoni. Likiwa hai, kiluwiluwi huonekana kikitikisika ndani. Nta haihitajiki, wala rangi. Hadubini ni ileile ya kutafutia malaria. Dk. Leader Stirling, aliyefika Masasi mwaka 1935 na baadaye akawa Waziri wa Afya, alifanya upasuaji Lulindi kwa vifaa vichache sana; uchache wa vifaa haukupata kuwa sababu ya kutotazama.

Nasema hivi kwa tahadhari. Kukata utando wa sehemu za siri ni kufungua jeraha, na jeraha ni mlango wa VVU. Mtoto mwenye vinyama hivyo, aliyeingia maji ya kichocho, apewe prazikwanteli. Kipande kikatwe pale tu ambapo jibu litabadilisha matibabu. Na dawa hiyo huua mnyoo, haiondoi yai lililokwisha kunasa. Kinyama kikichelewa kutoweka, tusikimbilie kusema kwamba mtoto ameambukizwa upya.

Wazee waliokaa hapa mbele wamepata kuisikia buba, na wengine waliiona. Vinyama vyake vilikuwa vibichi, vyenye majimaji, vikiota usoni na miguuni mwa watoto. Katika miaka ya 1920 sindano za bismuthi zilivuta umati kwenye vituo vya tiba vya Tanganyika. Baadaye, kati ya 1952 na 1964, kampeni ya penisilini ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ilitibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46. Chini ya hadubini, vinyama vya buba na vile bapa vya kaswende hufanana mno: seli za plazma zimejaa, neutrofili zimepanda hadi kwenye ngozi ya juu, koilositi hakuna. Anayekuta picha hiyo kwenye kipande kilichoandikwa "masundosundo", aombe kipimo cha damu cha kaswende kabla hajatia saini.

Kuhusu saratani, tunaweza kukosea kwa pande mbili. Juu ya yai la kichocho, au juu ya ule ukungu wa vidonda vya miguu vya wakulima unaojulikana sana Madagaska, ngozi huteremsha ndimi ndefu ndani ya nyama, na asiye na historia ya mgonjwa huandika saratani pasipo saratani. Upande wa pili ni saratani ya mfano wa chunjua, ambayo Lauren Ackerman aliieleza mwaka 1948. Seli zake zimetulia, hazitishi. Ubaya wake uko kwenye kina, inakosukuma nyama kwa mapana. Aliyekwangua juu juu atajibiwa "chunjua", na mgonjwa atarudi baada ya mwaka akiwa amechelewa. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kinyama chochote kigumu kilichoota mahali panapopigwa na jua kisingojewe, kikatwe mapema.

Kwa hiyo kwenye fomu ya maabara, msiandike "kinyama" mkaishia hapo. Andikeni umri, muda ambao kimekaa, mahali kilipotoka, hali ya VVU, na kama mgonjwa amepata kuingia maji ya bondeni. Kateni kwa kina, mpate ukingo pamoja na kitako chake. Palipo na shaka ya kichocho, kipande cha kubana kati ya vioo kitengwe kwanza, kikiwa kibichi. Kilichobaki kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wa dawa ukiwa mara 10 ya ujazo wa nyama, na chupa iandikwe jina ubavuni, kwa sababu vifuniko hubadilishana.