Ajali ya Kupakia Gari Ina Kinga



Kuna msemo tunaoupenda mno pindi unapotokea msiba wa barabarani: ajali haina kinga. Tukishausema tunapeana pole, tunatikisa vichwa, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Juma hili nataka tuzungumzie ajali ambayo kinga inayo, tena isiyo ya gharama kubwa. Ni ajali ya kupakia gari dogo juu ya lori.

Mkazi wa Dar es Salaam gari likimharibikia huita gari la kuvuta, likaja na winchi yake. Wenzetu wa Bonde la Kilombero wana mambo mengine. Gari likiua gia boksi huko Mlimba au Malinyi wakati wa masika, udongo mweusi wa bondeni umekwishakuwa utelezi, mwenyewe hutafuta lori. Malori yapo, maana bonde hili ni la mpunga na Fuso haziishi kuingia na kutoka. Bei inapatana. Baada ya hapo ndipo linapozuka swali: gari litapandaje?

Jibu la kawaida ni mbao mbili za kuazima kwenye nyumba inayojengwa jirani, na vijana wa kusukuma. Niliwahi kulishuhudia zoezi hilo kando ya barabara, kati ya Mang'ula na Ifakara. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekaribia ukingo wa bodi pale mbao moja ilipochomoka. Gari lilianguka upande, likakaa juu ya ukingo kwa tumbo lake. Utingo aliyekuwa nyuma, begani ameliegemea, aliruka akatumbukia mtaroni. Watu walicheka, naye akacheka. Mimi sikuona la kuchekesha, kwani kama angechelewa kidogo tu tungekuwa tunachimba kaburi.

Tuipige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Gari dogo kama Vitz au IST lina uzito wa karibu tani moja. Sakafu ya bodi ya Fuso iko juu kiasi cha mita moja na robo. Ukitumia mbao za mita mbili na nusu, urefu wake ni mara mbili tu ya kimo, na kulipandisha gari hilo kunahitaji nguvu ya nusu ya uzito wake, yaani kilo 500. Ukitumia mbao za mita tano, ambazo ni mara nne ya kimo, unahitaji robo yake, kilo 250. Na hata hapo, kama kila kijana anasukuma kwa nguvu ya kilo 25, unahitaji vijana 10. Nyuma ya Vitz hawatoshei vijana 10. Basi watatu wanaosukuma wanawategemea Mungu na breki.

Na breki zenyewe je? Gari ambalo injini haiwaki hupoteza msaada wa breki. Dereva akikanyaga mara mbili tatu, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Anayesimama nyuma ya gari hilo ameyakabidhi maisha yake kwa kitu ambacho karibu hakipo.

Sasa tutazame kinga, hatua kwa hatua.

Ya kwanza ni mahali. Usipakie pale gari lilipofia kwa sababu tu ndipo lilipofia. Tafuta tuta, ukingo wa barabara au kichuguu kilichobomolewa. Lori lirudi nyuma mpaka bodi ikaribiane na ardhi iliyoinuka, na ule mlima wa mita moja na robo unabaki kama nusu mita. Watu wa reli waliligundua hili zamani: jukwaa la mizigo hujengwa kwa kimo cha sakafu ya behewa, mzigo ukaingia bila kupanda.

Ya pili ni lori lenyewe. Lisimame sawa, breki ya mkono iwe imevutwa, gia iwe imeingizwa, magurudumu yawekewe kabari mbele na nyuma. Uzito wa gari unapoingia kwenye mkia wa bodi, mkia unadidimia na mbele ya lori inakuwa nyepesi. Kwa hiyo weka gogo imara chini ya mkia, ili bodi isicheze.

Ya tatu ni mbao. Gurudumu moja la mbele, upande wenye injini, laweza kubeba karibu kilo 300. Mbao ya inchi mbili inayombeba fundi rangi jukwaani haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mbao nzima ya inchi nne ina nguvu mara nne ya ile ya inchi mbili yenye upana uleule, wala si mara mbili. Weka egemeo katikati, na chini kwenye tope weka kipande cha ubao ili ncha isizame. Pima nafasi ya magurudumu kwa kamba, usipime kwa macho. Kubwa kuliko yote, funga mbao hizo kwenye bodi kwa mnyororo. Magurudumu yanayoendesha yanapopanda, huisukuma mbao irudi nyuma. Isipofungwa itachomoka tu, kama niliyoiona mimi.

Ya nne ni watu. Ndani ya gari awe dereva mmoja. Mwelekezaji awe mmoja, juu ya bodi, pembeni, mahali ambapo dereva anamwona. Gari bovu livutwe kwa winchi ya mkono iliyofungwa mbele ya bodi, na asiwepo mtu kwenye mstari wa kamba, kwani kamba ikikatika hurudi kama mjeledi. Anayeweka kabari aisogeze kwa mpini mrefu, akiwa ubavuni. Nyuma ya gari asisimame mtu yeyote, hata mwenye gari, hata kama ni kwa dakika moja.

Ya mwisho ni kufunga. Breki ya mkono, gia, kabari zilizopigiliwa misumari, na kamba pembe zote nne. Kanuni za Ulaya zinadai kamba na vizuizi vihimili mbele asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na ubavuni asilimia 50. Kwa gari la tani moja, hiyo ni kilo 800 dereva anapofunga breki ghafla. Kamba ya katani ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Basi simameni baada ya kilomita chache mkague. Na wakati wa kushusha, fanyeni yote haya tena, kwani wengi huumia pale wanapodhani kazi imekwisha.

Nathubutu kutoa ombi. Mwaka 2018 Bonde la Kilombero lilizinduliwa daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, na magari yaliyokuwa yakipanda kivuko sasa yanavuka kwa magurudumu yake. Nchi iliyoweza kujenga mita 384 juu ya mto haishindwi kujenga mita moja na robo ya mawe na udongo. Halmashauri zetu, kuanzia Mji wa Ifakara hadi Mlimba na Malinyi, zijenge jukwaa la kupakilia kwenye kila maegesho ya malori. Lingetumika kwa magari, kwa pawatila na kwa ng'ombe. Wenye malori nao waweke mbao mbili nzuri na minyororo yake ndani ya bodi, kama wanavyoweka jeki na gurudumu la akiba.

Utingo ni mtoto wa mtu. Mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote pale, mwenye ujira mdogo kuliko wote, na ndiye anayeambiwa: wewe, kaa nyuma usukume. Siku akilaliwa na gari, tusije tukasimama makaburini na kusema ajali haina kinga. Ilikuwa nayo, ila sisi tulikuwa na haraka.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.